Dubwi, Bao na "Itaendelea": Mchezo Unakushika, Je, Unakuachia?

Mwaka jana, msimu wa pamba ukiwa bado wa moto, nilimtuma mdogo wangu dukani hapa Mwanhuzi na noti ya elfu kumi. Ni mtoto wa mama mdogo, ana miaka kumi na tisa, anakaa kwangu. Kazi yenyewe ndogo: mafuta ya kula, sukari, sabuni. Alirudi baada ya saa mbili hivi, mikono mitupu. Sikuwa na haja ya kuuliza sana, maana njiani kuna dubwi.

"Kaka, nisamehe," akasema. "Ila ilikuwa imebaki kidogo tu. Taa imepita kwenye kengele mara tatu."

Nikamfokea, kama kaka yeyote angefanya. Usiku nikachukua simu, nikakuta ujumbe wa msomaji wangu mmoja: "Mwandishi, umeikatia pabaya jamani! Natuma hela ya sehemu inayofuata sasa hivi." Wengi wenu mnajua naandika simulizi za kulipia, zile za WhatsApp: sehemu tano za mwanzo bure, kuanzia ya sita unatuma shilingi mia tano kwa kila sehemu. Ujumbe kama huo huwa unanifurahisha. Usiku ule haukunifurahisha. "Imebaki kidogo tu" na "umeikatia pabaya" zilikaa kichwani mwangu pamoja, na sikuweza kuzitenganisha.

Basi hapa nafanya uhakiki wa mashine. Najua hapa tumezoea riwaya na diwani, lakini nivumilieni, maana safari inaishia kwenye simulizi.

Taa inayozunguka

Dubwi la mtaani kwetu ni sanduku la chuma lenye rangi kali, limesimama kibarazani. Usoni kuna picha zilizopangwa kwa mraba: tufaha, chungwa, kengele, tikiti, nyota, saba mbili, na neno BAR. Unadumbukiza sarafu ya mia mbili, unabonyeza kitufe cha picha unayoiamini, na taa inaanza kuzunguka. Inaanza taratibu, inashika kasi, muziki unalia, halafu inapunguza mwendo: picha moja, nyingine, nyingine tena, mpaka isimame. Ikisimama kwenye picha yako, sarafu zinamwagika kwenye chuma kwa kelele ambayo hata wapita njia wanaisikia. Isiposimama kwako, mara nyingi inasimama jirani.

Ukiisoma kama hadithi, hii ni taharuki tupu. Ina mwanzo, ina kupanda, ina kilele, na yote hayo hayafiki dakika moja. Kisa ndicho hakimo. Hakuna mhusika wala sababu, na taa haikusimama kwenye nyota kwa kuwa jana ilisimama kwenye chungwa. Dogo anaamini kwamba kengele "ilikuwa inakaribia", kama vile taa ina kumbukumbu. Anaisomea mashine kisa ambacho haina, na nadhani hicho ndicho kinachomrudisha pale kila jioni.

Wataalamu walishauchunguza ufundi huu zamani. Mwaka 1957 C. B. Ferster na B. F. Skinner walichapisha kitabu kinene kuhusu namna ratiba ya zawadi inavyobadili mwenendo wa mnyama. Njiwa anayepewa punje kila baada ya kudonoa idadi ile ile ya mara, akishaipata hupumzika kidogo kabla ya kuanza tena. Lakini punje ikija bila hesabu inayotabirika, mara baada ya kudonoa mara tatu, mara baada ya arobaini, njiwa anadonoa mfululizo, karibu bila kupumzika. Kinachomchosha ni kutojua punje iko wapi, na kutojua huko huko ndiko kunakomfanya aendelee.

Miaka mingi baadaye, mwanaanthropolojia Natasha Dow Schüll alikaa na wachezaji wa mashine za Las Vegas na kuandika Addiction by Design (2012). Kilichonishtua humo ni wachezaji waliomweleza kwamba hawachezi ili washinde. Wanacheza ili waendelee kucheza. Ushindi unawapa tu mizunguko mingine. Nilipolisoma hilo nikamuuliza dogo: "Hivi siku ukishinda unafanyaje?" Akacheka kwa aibu. "Si narudisha humo humo, kaka."

Wanaotengeneza michezo ya simu nao wanaujua ufundi huu. Candy Crush ya mwaka 2012 inakupa uhai tano, ukiishiwa unasubiri nusu saa kwa kila mmoja au unalipa usisubiri. Ule mchezo wa kubeti wa kindege unakuachia wewe uamue lini utoe hela kabla ndege haijapotea, na kwa kuwa umeamua wewe, unaona lawama ni yako na kesho utaamua vizuri zaidi. Kila mmoja una ndoano yake. Hatuwezi kumlaumu mvuvi kwa kuwa na ndoano. Kila kitu kizuri nilichowahi kupenda kilinishika kwanza.

Chini ya mwarobaini

Umbali wa hatua hamsini kutoka kwenye lile dubwi kuna mwarobaini, na chini yake kuna fundi viatu, na pembeni ya fundi viatu kuna bao. Wasukuma tunaliita isolo, nalo lina taratibu zake. Mimi lile la Kiswahili nilifundishwa na mwalimu mmoja aliyehamia hapa kutoka pwani, na siku hizi wazee wanaruhusu yote mawili, tegemea nani amekaa.

Kwa asiyelijua bao la Kiswahili: mashimo ni 32 katika safu nne, kete 64. Kila mmoja ana safu mbili na kete 32. Mnaanza na namua, ambapo kila mchezaji ana kete 22 mkononi na anaziingiza ubaoni moja moja. Zikiisha mkononi mnaingia mtaji, kete zilizoko ubaoni ndizo zinazozunguka. Ukiweza kula, ni lazima ule. Usipoweza, unatakasa, yaani unasogeza kete zako bila kula. Kuna shimo linaitwa nyumba, lenye kete sita mwanzoni, na katika namua kete yako ya mwisho ikiangukia humo wakati unakula, una uamuzi: uilaze nyumba, au uisafirishe utawanye kila ulichoweka akiba. Anayeishiwa kete safu ya mbele amefungwa.

Sasa angalia ndoano za bao. Zipo, tena kali. Zamu moja inaweza kuzunguka ubao mara kadhaa, kete zinaliwa na kupandwa upya, na watazamaji wanahesabu kwa macho wakipiga kelele kabla mkono haujafika. Ile nyumba ni taharuki iliyowekwa kwenye shimo: kila mtu anajua itasafiri siku moja, hakuna anayejua lini. Mtu aliyefungwa anapanga tena ubao kabla hajaulizwa.

Lakini mchezo ukiisha, kuna jambo linatokea ambalo kwenye dubwi sijawahi kuliona. Mzee mmoja tunayemwita Guku anamrudisha aliyefungwa nyuma. "Ulipotakasa kushoto ndipo ulipokufa," anamwambia. "Hapa ungekula viwili ukabaki na kichwa." Wanapanga kete kama zilivyokuwa, na kweli, inaonekana. Hakuna kete iliyofichwa, hakuna bahati. Aliyefungwa anaondoka akijua alikosea wapi. Alexander de Voogt aliyewachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar katika kitabu chake Limits of the Mind (1995) alikuta kwamba ufundi wao ni suala zito la kumbukumbu na hesabu za mbele, kiasi cha kustahili utafiti wa kisaikolojia. Ufundi huo unajengwa na kufungwa kunakoeleweka.

Tusilipambe bao kupita kiasi, lakini. Chini ya ule mwarobaini kuna mashamba yamechelewa kupaliliwa. Kuna wake za watu wanaolichukia lile bao kuliko pombe. Ningesema bao ni jema kwa kuwa ni akili na dubwi ni baya kwa kuwa ni bahati, ningekuwa nimemaliza mapema mno. Na wilaya yetu hii hii ya Meatu ina mfano unaonikatalia.

Mishale ya Wahadzabe

Baadhi ya Wahadzabe wanaishi Meatu, upande wa Ziwa Eyasi. Wanaume wao wana mchezo wa kubahatisha wa asili. James Woodburn, aliyefanya utafiti kwao kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, aliueleza katika makala yake ya 1982 kuhusu jamii za usawa. Kila mchezaji ana kipande chake cha gamba la mti, na kuna kipande kimoja kikubwa. Vinarushwa pamoja vigonge shina la mti. Ambaye kipande chake peke yake kimelala upande ule ule na kile kikubwa, ameshinda. Ni bahati tupu, kama taa ya dubwi. Na Woodburn anasema walikuwa wanaucheza kwa saa nyingi sana.

Wanawekeana nini? Mishale yenye vichwa vya chuma, visu, shanga, mavazi, vitu vinavyopatikana sehemu fulani tu za nchi yao. Lakini upinde wa mtu, mishale yake ya ndege na mfuko wake wa ngozi haviwekwi, kwa hiyo hata ukifungwa kila kitu, kesho unaweza kwenda porini kutafuta chakula. Na anayeshinda sana anashinikizwa aendelee kucheza, mpaka mali izunguke irudi kwa wenzake. Woodburn aliona kwamba mchezo huu unasaidia kuhakikisha hakuna mtu anayejilimbikizia: vitu vinatoka kambi moja hadi nyingine bila mtu kuwa tajiri wala mdeni wa mwenzake.

Hapa ndipo mawazo yangu yalipogeuka. "Endelea kucheza" ya Wahadzabe na "endelea kucheza" ya dubwi ni agizo lile lile. Tofauti ni mahali dau linakokwenda, na kile kisichoruhusiwa kuwekwa. Mshale wa Mhadzabe unabaki katikati ya watu wanaojuana. Mia mbili ya dogo inakaa ndani ya sanduku mpaka mwenye funguo aje, afungue, amimine kwenye mfuko, aondoke na bodaboda. Na hakuna aliyesema kwamba hela ya mafuta ya kula ni upinde, haiwekwi. Kisheria hakuna kosa: nchi ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, ina Bodi yake, umri ni miaka 18, na dogo ameshaupita. Lakini sheria inaangalia umri wa mchezaji. Haikai jioni kibarazani kuona amebaki na nini.

Uwanja wenye ngoma mbili

Mfano wa mwisho kabla sijajishtaki. Aliyekulia Usukumani anawajua Wagika na Wagalu. Mapokeo yanasema walianza na waganga wawili, Ngika na Gumha, katika karne ya 19. Baada ya mavuno makundi mawili ya ngoma yanakutana uwanja mmoja na kucheza wakati mmoja, kila moja upande wake. Anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Hayo ndiyo mashindano, na hayo ndiyo matokeo.

Watu wanaosema uchumi wa kugombea macho ya watu umeletwa na simu hawajasimama kwenye uwanja huo. Kuna wanaocheza na nyoka, Bayeye. Kuna wanaocheza na nungunungu, Banunguli. Kuna vinyago, kuna sarakasi, kuna dawa za mvuto ambazo waganga wa ngoma wanapika wiki nzima. Chatu anatolewa kwenye boksi wakati ule ule upande wa pili umeanza kunoga, na watu wanakimbia kuvuka uwanja. Mnaouita ujanja wa kuvuta wasomaji kwa vichwa vya habari, babu zetu walikuwa nao, tena wenye meno.

Ila mtazamaji ana miguu. Anasimama, ngoma ikipwaya anavuka, na kuvuka kwake ndiyo hukumu. Kundi linajua hilo, ndiyo maana linajituma. Na jioni ngoma inaisha, msimu unaisha, watu wanarudi kulima. Hakuna aliyetafuta njia ya kumfunga mtazamaji kamba.

Sehemu ya 74

Sasa simulizi. Sisi tunaoandika kwa mfululizo tuna ukoo mrefu. Shahrazad wa Alfu Lela Ulela alikata hadithi alfajiri ili abaki hai. Hapa kwetu Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo ya 1965 alituonyesha kwamba msomaji wa Kiswahili atakesha akitafuta muuaji. Eric Shigongo aliwafanya watu wasubiri gazeti kwa ajili ya ukurasa wa hadithi. "Itaendelea" ni neno zuri. Nimelipenda tangu utotoni.

Lakini taharuki ya Katalambulla ina deni, na deni linalipwa: muuaji anajulikana, na ukirudi nyuma unaona dalili zilikuwepo, kama Guku anavyozipanga kete upya. Shahrazad naye alikuwa anaelekea mahali.

Mimi je? Simulizi niliyokuwa naiandika usiku ule niliipanga iwe na sehemu 30. Nilikuwa na mwisho wake kwenye daftari. Ilipofika ya 28 watu walikuwa wanalipa vizuri kuliko siku zote, nikaamua mhusika asife, apotee tu. Nikamletea pacha. Nikaleta wosia wa siri. Nilijifunza kukata kwenye mlio wa risasi, halafu sehemu inayofuata risasi imegonga ukuta. Imebaki kidogo tu, taa imepita kwenye kengele. Usiku ule nilikuwa sehemu ya 70.

Wiki ile ile mama mmoja anayeuza mboga, msomaji wangu tangu mwanzo, aliniandikia. Hakulalamika, aliuliza tu: "Mwandishi, hii itaisha lini? Niambie nipange hela." Nikapiga hesabu. Sehemu 65 za kulipia mara mia tano, elfu thelathini na mbili na mia tano. Dogo alipoteza elfu kumi nikamfokea hadi majirani wakasikia. Huyu mama nimemtoa zaidi ya mara tatu ya hiyo, na zaidi ya nusu yake ni kwa kisa ambacho mimi mwenyewe nilishajua hakipo. Wosia haukuwa na maana yoyote. Pacha hakuwa na dalili hata moja nyuma. Ukizipanga kete upya, hakuna utakachokiona.

Mtasema kusoma si kamari, mama alipata burudani yake. Kweli, na simfananishi mwandishi na sanduku la chuma katika kila kitu. Lakini lile swali lake ni swali la mtu asiyeona mlango. Msomaji wa kitabu anashika kurasa zilizobaki mkononi, anajua amebakiza kidole kimoja cha unene. Msomaji wangu alikuwa ameshikilia "Itaendelea" tu, na mlango niliuziba mimi, kwa kuwa ulikuwa unanilipa.

Kwa hiyo nina ombi kwa sisi tunaohakiki. Sifa yetu kubwa siku hizi ni "kimenishika mwanzo mwisho", "nilishindwa kukiweka chini". Nimeiandika mimi pia, humu humu. Lakini dubwi nalo haliwekwi chini. Kushika ni nusu ya habari. Tuulize na yale mengine: nikifungwa, nitajua kwa nini? Dau langu, liwe hela au usiku wangu, limeenda wapi? Kuna kitu ambacho kazi hii imekataa kukichukua kwangu? Na mlango uko wapi? Nimejaribu kuyauliza maswali haya kwa riwaya ninazozipenda na nyingi zinasimama. Nimeyauliza kwa simulizi zangu tano za mwisho na mbili tu zimesimama.

Ile simulizi niliifunga sehemu ya 74. Sehemu nne zilihitajika kumtoa pacha kwa heshima. Mwisho ulikuwa ule wa kwenye daftari. Baadhi walinitukana, wengine waliondoka kwenye kundi siku hiyo hiyo, na mapato ya mwezi uliofuata yalishuka kiasi kwamba nilikopa ada ya mtoto. Sisemi haya ili nisifiwe. Nayasema kwa sababu anayewaambia waandishi waache ndoano bila kutaja bei hajawahi kuishi kwa kuandika.

Dogo hajaacha dubwi. Amepunguza, au ameanza kunificha, sijui. Nilimpeleka chini ya mwarobaini, Guku akamfunga mara nne, akaniambia huo mchezo ni wa wazee. Wiki iliyopita lakini nilimkuta amesimama pale nyuma ya watazamaji, akibishana na mtu kuhusu kutakasa kushoto. Sikumsemesha.

Simulizi mpya nimeianza mwezi huu. Juu ya sehemu ya kwanza nimeandika: "Sehemu 24. Ya mwisho imeshaandikwa." Wasomaji ni wachache kuliko zamani. Yule mama wa mboga alituma hela ya sehemu zote za kulipia kwa mkupuo, halafu akapiga simu kuomba punguzo, na nikampunguzia.